Mkanda wa Mkono wa Kushoto

Mama yake Chiriku alikuwa mwanamke mwoga, na hakuona haya kuogopa. Gitaa la besi lilipoingia nyumbani kwake aliogopa kila kitu ambacho mzazi angeweza kukiogopa. Aliogopa umeme wa spika nyeusi iliyokuja nalo. Aliogopa masikio ya mtoto yasije yakafa. Aliogopa wanaume wa bendi, hasa wale wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kifundo cha mkono hakukiogopa hata siku moja. Nani angekiogopa? Pale ni mahali pa kuvalia saa.

Chiriku alikuwa binti yake wa pekee, mtu mzima tayari, fundi wa nguo kama yeye. Walifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani mbili zikitazamana, mama akipima na kukata, binti akishona. Jina la Chiriku alipewa na wateja kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusema hamalizi, na akimaliza anaimba.

Gitaa lilikuwa la kuazimwa. Mwenyewe ni mteja wao wa suruali, wakimwita Bwana Kinanda, kiongozi wa bendi ndogo ya kupiga kwenye sherehe. Mpiga besi wake alikuwa amehama akamwacha anahangaika. Siku aliyokuja kupunguziwa kiuno alimsikia Chiriku akiimba, si ile sauti ya juu ambayo kila mtu huirukia, bali ile ya chini inayobeba wimbo. Akamkodolea macho.

"Wewe mwanangu, hiyo unayoimba ni besi. Unajua?"

"Najua kwamba naimba."

"Basi nakuachia gitaa, ujifunze. Msimu wa sherehe ukianza, ukiweza kwenda na nyimbo zetu bila kutuacha njiani, nafasi ni yako. Ukishindwa natafuta mwingine, na tusinuniane."

"Na wa kunifundisha?"

"Simu. Siku hizi hata mimi mzee mzima nafundishwa na simu."

Ndivyo Mwalimu Kofia alivyoingia katika ile nyumba. Jina lake hasa hawakulijua vizuri. Walimwita hivyo kwa sababu hakuivua kofia hata mara moja, mpaka mama akasema huyu lazima ana kipara cha kutisha. Alikuwa na masomo yaliyopangwa kwenye mtandao, moja baada ya jingine, na sauti ya upole kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Chiriku aliisimamisha simu mezani, akaiegemeza kwenye pasi, akaketi kwenye kigoda chake cha cherehani na kulipakata lile gitaa zito kama gogo.

Kwanza mama alinung'unika. Baadaye akaanza kusikiliza, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo na hakuwa na pa kukimbilia.

"Mama, unajua noti zote za dunia ni kumi na mbili tu? Zikiisha zinaanza upya."

"Kumi na mbili? Na hiyo redio inayopiga kutwa kucha inazitoa wapi?"

"Inazirudia rudia tu. Kazi yangu mimi ni mzizi. Gitaa jingine likicheza huko juu, mimi nashika mzizi chini, ndio wote wajue wako wapi."

"Huo mzizi si ndio do?"

Chiriku aliacha kupiga akamtazama. Mama yake aliishia shule ya msingi, lakini mwalimu wa kwaya aliwaimbisha do re mi mpaka zikawakaa mwilini. Tangu siku hiyo wakawa wanajifunza wawili. Mwalimu Kofia akitaja noti kwa herufi zake, mama anazigeuza kuwa do re mi huku mkasi unatembea, na Chiriku anazitafuta kwenye nyuzi za gitaa. Mama aliifurahia ile kazi kuliko alivyokubali kusema. Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu kisichokuwa kwenye utepe wa kupimia.

Tatizo lilikuwa kwenye vidole. Somo la mbinu lilitaka kila kidole kikae kwenye chumba chake, ile nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo ya gitaa, vidole vinne, vyumba vinne, bila kuhamahama. Chiriku alikuwa na mkono mdogo. Ili avifikie vyumba vile vipana vya mwanzo, aliinamisha shingo ya gitaa, akalaza kiwiko pajani, akakikunja kifundo cha mkono mpaka kikapinda kama mdomo wa birika. Vidole vikafika. Alipiga kelele za furaha. Kwenye simu, kamera ya Mwalimu Kofia ilionesha vidole vyake tu, vikubwa, vimetulia. Kifundo chake kilivyokaa hakikuonekana. Naye huyo Mwalimu Kofia alimwona nani? Hakumwona mtu. Aliitazama kamera akatabasamu.

"Ukiumia usikate tamaa," alisema. "Kila aliyejifunza nyuzi hizi ameumia. Maumivu ni ada yako."

Alimaanisha ncha za vidole, pale ngozi inapochubuka halafu ikakomaa. Hakuongeza neno, na wao wawili hawakujua kuna maumivu ya namna mbili.

Kisha kulikuwa na ule moto. Ukifanya zoezi kila siku, yale masomo yalikuwekea mwali mdogo mwekundu pembeni, na kila siku ukakua. Ukiruka siku moja tu, mwali unazimika na unaanza mwanzo. Chiriku aliutunza kama mtu aliyeachiwa jiko la jirani. Alishona kutwa, mkono wa kushoto ukisukuma kitambaa chini ya sindano, jioni akaukalisha mkono ule ule kwenye shingo ya gitaa. Haukupumzika popote.

Alianza kuamka akiukung'uta.

"Una nini?"

"Umelala huu. Umekuwa kama wa mtu mwingine."

"Umeulalia."

"Labda. Ila na pale kwenye kifundo panawaka."

"Si mwalimu wako amesema? Utakomaa. Mimi nilipoanza mkasi niliumwa kidole gumba nikadhani nitakatwa."

Maneno hayo mama aliyasema kwa moyo mweupe. Binti yake alikuwa anaendelea vizuri, nyimbo za Bwana Kinanda zinaanza kutoka, wateja wanasimama mlangoni kusikiliza. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa ameacha kuogopa, na alitaka kusaidia. Akasaidia kwa kile anachokijua.

Alichagua kitambaa kigumu cha kutilia kiuno cha suruali, kile kisichovutika. Ndani akaweka bitana laini isimchubue, pembeni lastiki, na kulabu mbili za nguo ya ndani ili kisilegee. Akampima Chiriku kifundo kama anavyopima kiuno cha bibi harusi, kitoshe kabisa, pasipenye hata karatasi. Mkanda ulipokamilika ulikuwa mzuri hata ungeuuza dukani. Alitia na ua dogo la uzi mwekundu.

"Huu utakushika," alisema. "Mfupa hautachezacheza."

Chiriku aliuvaa akageuza mkono huku na huku. "Mama! Sasa mimi ni mwanamuziki kamili. Bado miwani ya jua."

Naam, maumivu yakapungua. Wiki baada ya wiki yakapungua, mpaka Chiriku akasema hasikii kitu. Mama akashukuru. Aliona binti anadondosha pini, akamwambia awe makini. Alimwona anashindwa kufunga kishikizo cha mteja, akacheka akasema huyu akili yake iko kwenye bendi. Nyie mnaosoma, maumivu yakiondoka yenyewe huku mtu hajapumzika, msishukuru. Ulizeni yamekwenda wapi.

Asubuhi moja muuguzi mmoja alikuja kuchukua sare zake nyeupe. Moja ilikuwa bado pindo, akaambiwa aketi kidogo. Chiriku alikuwa anashona huku anamsimulia jinsi bendi itakavyomsikiliza msimu wa sherehe ukianza, na kwamba wimbo wa tatu una mahali pagumu, besi inashuka peke yake, wengine wote wananyamaza. Mdomo unakwenda, mguu unakwenda, cherehani inalia.

Muuguzi ndiye aliyeona. Kwenye pindo jeupe kulikuwa na tone jekundu, halafu jingine, halafu mstari.

"Simamisha! Dada, simamisha hiyo mashine!"

Chiriku alisimamisha, akashangaa anaambiwa nini. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto, ikaingia juu ikatokea chini, ikaingia tena pembeni. Kidole kilikuwa kimeshonewa kwenye sare. Naye alikuwa bado na tabasamu la ile hadithi.

"Huhisi?" muuguzi aliuliza.

"Nahisi nini?"

Mama alipiga ukelele. Muuguzi alizungusha gurudumu la cherehani taratibu, akaitoa sindano, akafunga jeraha kwa kipande cha nguo. Halafu, badala ya kukitazama kidole, aliutazama ule mkanda. Akafungua kulabu. Ngozi chini yake ilikuwa na alama pana, imesinyaa. Aliigeuza mikono yote miwili ya Chiriku viganja juu, akaiweka pamoja kwenye meza ya kukatia.

"Angalia hapa, mama."

Mkono wa kulia ulikuwa na ile nyama nene chini ya kidole gumba. Wa kushoto, mahali hapo palikuwa bapa, pamebonyea, kama mfuko uliotolewa kitu.

"Ameanza lini kufa ganzi?"

Muuguzi aliuinua ule mkanda.

"Nani alimwambia afunge hiki?"

"Ni mimi," mama alisema. "Nimeushona mimi."

Muuguzi aliwaambia waende hospitali siku hiyo hiyo. Sare alisema ataifua mwenyewe.

Hospitali waliambiwa kwamba mshipa wa fahamu unapita katika tundu jembamba pale kwenye kifundo, na kwamba mkono uliokunjwa kila siku hauupi nafasi, na mkono uliokunjwa kisha ukafungwa kwa nguvu unaunyonga. Daktari alikuwa kijana, alisema polepole, hakuwagombeza. Alisema atapasua ili kuulegeza. Ganzi huenda ikapungua. Ile nyama iliyokwisha hakuahidi.

"Lakini nitapiga?" Chiriku aliuliza.

"Tuanze na kufunga kishikizo," daktari alisema.

Walingoja kwenye benchi la korido, ukutani kuna saa isiyotembea, mbele yao mlango unafunguka na kufungwa. Mama alikuwa ameupakata mkono wa binti yake kama mtoto mchanga. Alisema yale ambayo mama huyasema: si ungeniambia, mwanangu, si ungeniambia kwamba unakubana.

"Ulinibana tangu siku ya kwanza," Chiriku alisema.

"Sasa kwa nini..."

"Ulikuwa umeushona vizuri, mama. Na ulikuwa umeacha kunung'unika. Ningekuambiaje?"

Mama alitazama mbele. Nesi aliita jina la mtu mwingine.

Walimpasua, kidonda kikapona vizuri, kikabaki kovu fupi pale mkanda ulipokaa. Ganzi ya usiku ilikwisha. Nguvu ya kushika haikurudi. Kidole gumba kilikataa kukutana na wenzake. Chiriku alikisukuma kwa mkono wa kulia kama anayewapatanisha watu waliogombana, kikifika kinarudi. Kushona mshono ulionyooka aliweza, polepole. Kola na mikono ya mashati ikawa kazi ya mama. Ule mwali kwenye simu ulizimika siku ya hospitali, na yale masomo yakamtumia ujumbe: tumekukosa, rudi leo! Alimwandikia Mwalimu Kofia, akamweleza yote, akamwomba awaonye wengine. Alijibiwa kwa alama ya dole gumba.

Bwana Kinanda alikuja kuchukua gitaa msimu ulipokaribia, akapitisha vidole kwenye nyuzi zake. Alikaa ukingoni mwa kiti, akapewa maji, akayashika bila kunywa.

"Pole, mwanangu. Ningejua..."

"Uzi wa tatu umeshuka sauti," Chiriku alisema. "Kaza kabla hujaondoka, kidogo tu."

Alijaribu. Kweli ulikuwa umeshuka. Akakaza mpaka binti akatikisa kichwa kwamba basi.

"Sikio hilo!" alisema yule mzee, halafu akaona haya kwa kulisema.

"Umempata wa kupiga?" mama aliuliza kutoka kwenye meza ya kukatia.

"Nimempata binti mmoja, ana bidii kweli. Naye anajifunza kwenye simu."

Mama aliweka mkasi chini. "Mlete hapa."

"Umshonee?"

"Mlete nimtazame anavyokaa. Nitazame kifundo chake. Nitamwonesha mkono wa huyu."

"Mimi si picha ya ukutani, mama," Chiriku alisema bila kuinua macho. Alikuwa anaokota pini sakafuni kwa mkono wa kulia, moja moja, anazidondosha kwenye kopo.

Bwana Kinanda akasimama, akalitia gitaa begani, akaaga. Alipofika mlangoni Chiriku akamwita.

"Mwambie mkono ukifa ganzi aache siku hiyo hiyo. Moto uzimike tu. Na asifunge kitu."

"Nitamwambia."

"Na ule wimbo wa tatu, pale tunaposhuka peke yetu, asiharakishe."

Mzee akaitikia akatoka. Mama akaivuta kola iliyokuwa mbele ya binti yake, akaiweka chini ya sindano yake mwenyewe, akakanyaga cherehani.