Kofia Chini ya Godoro

Kofia aliifuma mwenyewe, ya sufu nyekundu, na asubuhi ya siku ya tatu mlimani aliikuta imekunjwa mara nne na kusukumwa chini ya godoro la bintiye, katika kibanda cha pili. Alikuwa akikusanya mablanketi tu, mkono ukagusa kitu kizito. Alipoikunjua alikuta matapishi. Mengine yalikuwa ya alfajiri hiyo, mengine yalikwisha kukauka.

Mama huyu ni fundi wa sare za shule. Miaka kumi na miwili amekaa nyuma ya cherehani, na anajua vizuri jinsi watoto wanavyoficha mambo kwenye nguo. Shati lililochanika huletwa likiwa limekunjwa hivyohivyo, mpasuko ndani, kifua nje, ili mkubwa aliyelibeba asione kitu. Kwa hiyo hakuhitaji kuuliza. Alijua kwamba mtoto wake wa miaka saba alikuwa ametapika kimyakimya, akakunja ushahidi, kisha akaamka na kusema hajambo.

Alisimama na kofia mkononi, na kabla hajaogopa alikasirika. Ndivyo alivyoumbwa. Wenzake woga huwatangulia, yeye hasira hufika kwanza na kushika kiti cha mbele.

Na hasira hiyo ilikuwa na pa kwenda. Katika nyumba yao kuna neno moja ambalo halitamkwi safarini, nalo ni nimechoka. Sheria hiyo aliileta mumewe, ambaye aliirithi kwa baba yake. Atakayelitamka njiani, awe mkubwa awe mdogo, ataosha vyombo vya nyumba nzima wiki nzima. Mwanzoni ulikuwa mchezo, na mchezo wenyewe ulinoga. Watoto walitafuta njia za kulizunguka neno. Kaka mtu, mwenye miaka kumi, aliwahi kusema viatu vyake vinaomba dakika tano za mazungumzo, na wote wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kisha sheria ikanenepa bila mtu kuilisha. Kulalamikia jua kukawa ni kuchoka. Kuumwa tumbo kukawa ni kuchoka kwa mlango wa nyuma. Mwaka jana, walipokwenda kuona maporomoko ya maji, binti alisema mguu unamuuma, na aliosha vyombo siku saba, amesimama juu ya kigoda ili alifikie sinki. Aliyemsimamia ni nani kama si mama yake huyuhuyu? Tena alimrudishia sufuria moja, akamwambia bado ina masizi.

Kumbukumbu hiyo ya sufuria ilimjia pale kibandani, na hasira ikamgeukia yeye mwenyewe kwa muda. Lakini ilikuwa asubuhi na mumewe alikuwa nje, anapiga filimbi.

Mumewe ni msimamizi wa ujenzi. Mtaani wanamwita Nyapara, na badala ya kununa yeye huitikia. Zege likianza kumwagwa halisimami, ndivyo anavyowaambia vibarua wake, na ndivyo alivyoiendesha likizo hii. Mwongozaji wao, mama wa makamo mwenye maneno machache, alimwambia walipoanza safari kwamba watoto walale siku mbili katika kibanda cha kwanza, miili izoee hewa nyepesi. Nyapara akatoa karatasi yake ya ratiba, iliyopigwa mistari kwa rula, akasema siku hiyo ya ziada haimo. Jumatatu alikuwa na ghorofa ya tatu ya kumwaga.

Ghorofa ilikuwa nusu tu ya sababu. Juu kwenye ukingo wa mlima kuna kibao cha chuma ambapo kila anayefika hupiga picha. Mwaka jana mdogo wake alifika pale na wanawe, na mama mkwe akaitundika picha yao sebuleni, juu ya televisheni, katika fremu ya dhahabu ya uongo. Tangu hapo Nyapara hajakalia tena kochi linaloutazama ukuta ule. Mkewe alijua hayo yote. Alijua, akafunga mizigo, akaja.

Alitoka nje na kofia yake.

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, juani, mabega yameshuka, na kaka yake amepiga goti anamfunga kamba za viatu. Binti huyu nyumbani wanamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa mchanga alimeza kifungo cha sare na kukirudisha kwa njia yake mwenyewe baada ya siku mbili. Mtoto huyo hajawahi kumruhusu mtu amfunge viatu.

"Kifungo, kichwa kinauma?"

"Hapana."

Mama akamwonyesha kofia. Mtoto akaitazama, kisha akatazama miguu yake.

"Kidogo," akasema. "Lakini mama, sijachoka."

"Tangu lini?"

"Sijachoka."

Mama akamgeukia kaka mtu. "Wewe ulijua?"

Kijana akavuta kamba ya kiatu mpaka ikakaribia kukatika. "Alinambia nisiseme. Alisema hataki kuosha vyombo tena."

Kila asubuhi mwongozaji aliwauliza watoto nani kichwa kinamuuma, na kila asubuhi waliitikia kwa pamoja, hakuna. Na baba yao alikuwa akiwapigia makofi. Mama aliyakumbuka makofi hayo, akauma meno.

Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na futi yake ya kupimia, ule ukanda wa njano ambao haumtoki hata akienda msibani. Pale kwenye chumba chake cha ushonaji Kifungo ana mchezo wake tangu alipojua kutembea. Futi hutandazwa sakafuni, naye huitembea kisigino kikigusa vidole, toka moja hadi mia na hamsini, bila kukanyaga nje. Kaka yake hajamshinda hata mara moja. Wateja wengine huacha kulalamikia mikono ya mashati ili wamtazame.

Mama akaitandaza futi juu ya mbao za baraza, akainyoosha kwa viganja.

"Haya, itembee nikuone."

Kifungo alifurahi. Hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko yote, kwamba mtoto alifurahi kupewa kitu anachokiweza. Akainuka, akapanua mikono, akaweka mguu wa kwanza, wa pili. Kwenye thelathini akaenda kushoto. Akarudi, akajipanga, akaenda kushoto tena. Kwenye hamsini akakaa kitako kwa kishindo, akaitazama futi kwa chuki.

"Imepinda," akasema.

Futi ilikuwa imenyooka.

Mwongozaji alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Aliona yote tangu thelathini. Akaliweka birika chini, akaja, akamwinua Kifungo kidevu, akamtazama macho.

"Tunashuka," akasema. "Si baadaye. Sasa hivi."

Nyapara akatokea upande wa pili wa kibanda, kamera na filimbi shingoni, begi limekwisha kukazwa mikanda. "Jamani, tumechelewa dakika kumi na tano. Kuna nini?"

"Mtoto anaumwa," mkewe akasema.

"Anaumwa wapi? Kifungo, unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, baba."

"Si umemsikia?"

"Kaka," mwongozaji akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ubongo wa mtoto huyu unavimba kwa sababu ya hewa ya huku. Dawa yake ni kushuka, na ni sasa hivi. Ukimpandisha hatashuka mzima."

Nyapara akatazama juu. Ukingo ulionekana wazi asubuhi hiyo, bila wingu, na mwenye macho mazuri angekiona hata kibao. Mkewe alimwona akipiga hesabu, na alimjua kiasi cha kuzifuata hesabu zenyewe kichwani mwake.

"Masaa mawili tu," akasema. "Nitambeba mwenyewe, hatakanyaga chini. Tunapiga picha moja, tunashuka wote kwa pamoja. Mama watoto, tumekuja mbali, tusifanye mambo kwa pupa."

Ndipo alipomvaa. Hakupiga kelele, maana hewa ya kule haimpi mtu kelele. Alimsogelea mpaka filimbi ikamgusa kidevu, akamshika mkono, akamwekea kofia kiganjani.

"Fungua."

"Hii si kofia ya..."

"Fungua, Baba Kifungo. Usinitolee macho. Fungua."

Akafungua. Harufu ikampiga, akarudisha kichwa nyuma.

"Hiyo ndiyo picha yako," mkewe akasema. "Mpelekee mama yako akaitundike. Mwambie ni yangu pia, maana hata mimi nilimsimamia mtoto juu ya kigoda mpaka akajifunza kufa na tai shingoni. Ukitaka kwenda kwenye kibao, nenda. Njia ni hiyo. Mimi na wanangu tunashuka, na ukinifuata usije na filimbi."

Kaka mtu alikuwa ameshika mkono wa dada yake, ameganda. Hajawahi kusikia mtu akimsemesha baba yake hivyo, hata bibi yake.

Nyapara alikunja kofia taratibu, akaiweka mfukoni mwa koti lake zuri. Akavua kamera. Kisha akachuchumaa, akampa mtoto mgongo.

"Panda," akasema.

Walishuka. Mwongozaji mbele, baba na mzigo wake, kaka mtu, na mama nyuma akilinda mgongo wa bintiye. Alikuwa na hasira na kila kitu: na mawe yaliyolegea, na jua zuri lililowaka kana kwamba ni siku ya pikiniki, na watu waliokuwa wakipanda huku wakiwasabahi kwa furaha. Alikuwa na hasira na mgongo wa mumewe. Miaka kumi na miwili ameushonea mashati mgongo huo, anaujua sentimita kwa sentimita, na leo angeweza kuutia sindano.

Baada ya saa moja Kifungo akaanza kusinzia. Kichwa kililala begani kwa baba yake, mkono mmoja ukaning'inia. Sasa woga nao ukafika.

"Kifungo. Baada ya arobaini na tano inakuja ngapi?"

Kimya.

"Kifungo! Futi yangu ina ngapi mwisho?"

"Mia na hamsini," mtoto akajibu, kwa ulimi mzito.

"Anzia nyuma. Mia na hamsini, mia na arobaini na tisa. Haya."

Wakahesabu. Mtoto alipopotea njiani, kaka yake alimrudisha. Walipofika tisini, miguu ya Nyapara ikaanza kutetemeka. Mwongozaji alinyoosha mikono ampokee.

"Bado naweza," Nyapara akasema, akihema.

"Mpe," mkewe akasema. "Leo hakuna mashindano. Ukianguka naye nitakuacha hapohapo."

Akampa. Kisha akampokea tena, kisha wakapokezana bila maneno, na namba zikaendelea kushuka. Walikwisha kuihesabu futi nzima mara tatu, toka mia na hamsini hadi moja, walipoliona paa la bati la kibanda cha kwanza.

Pale palikuwa na chumba kidogo cha tabibu, kitanda kimoja na mtungi wa oksijeni. Tabibu alikuwa kijana mchangamfu, lakini alipomwona mtoto uchangamfu ukamwisha. Akamfunga barakoa, akamchoma sindano, akaagiza gari lije kuwachukua, akawaambia wakae. Wakakaa. Nyapara alivua viatu. Soksi zilikuwa zimeshikana na malengelenge, naye alizivuta bila kukunja uso, kwa mazoea.

Mama hakumtazama. Alishika mguu wa bintiye juu ya blanketi na kuukazia macho kama vile ungekimbia.

Saa tisa alasiri Kifungo akafumbua macho. Akatazama dari, akamtazama mama yake, akasema kiu. Akapewa maji, na maji yakakaa tumboni. Tabibu akamwambia afuate kidole kwa macho, mtoto akakifuata, akamuuliza tabibu kama kidole hicho huwa anakiosha. Hapo mama akapumua.

Kisha mtoto akamwona baba yake kwenye kiti, peku. Akasogeza barakoa pembeni kwa vidole viwili.

"Baba. Mimi sikusema."

"Hukusema nini, mwanangu?"

"Lile neno."

Tabibu akageukia mtungi, akajifanya anasoma kipimo. Kaka mtu aliinamisha kichwa.

"Mjibu mtoto," mama akasema.

Nyapara akafungua mdomo. Mkewe aliona midomo ikijiandaa, akajua kinachokuja, umefanya vizuri, maana ndicho anachosema siku zote, kwa watoto na kwa vibarua. Alijua pia kwamba akilimalizia neno hilo atampiga na mtungi, tabibu atake asitake. Lakini halikutoka. Uso wa mumewe ukakunjamana. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akakutana na kofia, mkono ukabaki humohumo.

"Nimechoka," akasema. Akakohoa, akarudia. "Nimechoka, Kifungo. Nimechoka tangu jana."

Mtoto akatoa macho. Akamtazama kaka yake kuhakikisha kwamba naye amesikia.

"Baba ataosha vyombo," kaka mtu akanong'ona. "Wiki nzima."

"Mwaka mzima," mama akasema. "Miezi sita yeye, sita mimi."

Hakuwa anatania, na Nyapara hakumuuliza kwa nini.