Inama, Kaka

Mtaka cha mvunguni hainami. Humwinamisha dada yake.

Kaka yangu Wilibrodi alinitumia mtu asubuhi na mapema: njoo Rhotia na spana zako, kuna gari la kuangalia. Nina stashahada ya ufundi wa magari, na ni yeye aliyeuza maksai wake ili nikaisomee. Alipoita, niliitika. Nalisema hili mapema asije mtu akaniambia nimelisahau.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la mbio, la milango miwili, la zamani, fupi kama mbuzi aliyelala. Mzungu mmoja wa Ngorongoro alimwachia dereva wake, Lengai, mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa na watalii wakakatika. Baadaye Lengai naye akafa. Gari likabaki kwa mjane wake, Naserian, wakati ndigana, homa ya kupe, imeshamaliza ng'ombe wa zizi lake lote. Gari halikamuliwi, na watoto wake walikuwa wanakunywa maji ya moto wakidanganywa kuwa ni chai. Akapatana na kaka yangu: gari kwa mitamba mitano.

Wilibrodi alilitaka kwa sababu moja. Mwezi uliofuata alikuwa anamwoa Hyasinta, binti wa Mzee Valeriani, na hakutaka bibi harusi apandishwe lori kama gunia la ngano. Olais, shemeji yake Naserian, akaliteremsha gari hadi Rhotia. Wilibrodi akaomba lilale kwake usiku mmoja ili alizoee. Kulipokucha akawaambia linatetemeka, limeoza chini, na hatoi zaidi ya mitamba miwili.

Niliwakuta barabarani mbele ya nyumba yake mpya, ile aliyokuwa anamjengea Hyasinta. Hyasinta alikuwepo na baba yake, na majirani waliokuja kushangaa gari lisilo na paa. Naserian alikuwa amekaa chini, shuka imemfunika mpaka kidevuni.

"Takwenya," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

Olais alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Huyu ndiye fundi? Ana mikono kweli?"

"Ninayo miwili. Wewe umekuja na mdomo tu, au na mikono umeileta?"

Majirani wakacheka. Wilibrodi hakucheka. Alikuwa amevaa suti nyeupe ya mikono mifupi, siku ya kazi, bila sababu. Akanivuta kando, akasema nami Kiiraqw ili wageni wasisikie.

"Sema ni propela. Neno moja tu, Cresensia."

"Sijaliendesha bado."

"Sikukuita uendeshe. Nimekuita useme."

Angeniomba kitu kingine chochote siku ile, pengine ningempa. Lakini alitaka kuazima ulimi wangu, na ulimi wangu hauazimwi.

Nikarudi kwa watu, nikauliza kwa sauti, "Kaka, gari linafanya nini hasa?"

"Nimeshasema. Linatetemeka."

"Linatetemeka au linayumba? Linadunda? Linagonga?"

"Kuna tofauti gani?"

"Mwenye homa hutetemeka. Mlevi huyumba. Ukimpa mlevi dawa ya homa, atakutapikia."

"Shule imekuharibu," alisema.

"Lilikuwa linapita kama maziwa," Naserian alisema polepole, akichagua kila neno la Kiswahili kama anayevuka mto kwa mawe. "Halikuwa na ugonjwa."

Nikaingia, Wilibrodi akakaa kiti cha pili. Kwanza nilikanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Injini ikaimba, mwili wa gari ukatulia tuli. Basi ugonjwa haukuwa wa injini. Greda ilikuwa imepita wiki ile, barabara ya kuelekea Mbulumbulu imelala kama mkeka, kwa hiyo hatukuwa na mashimo ya kusingizia. Mwendo wa taratibu, hakuna kitu. Nikaongeza. Ghafla usukani ukaanza kunichezacheza mikononi, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa mpigo mmoja kama mtu anayekataa kwa kichwa. Kiti nilichokalia kilikuwa kimya. Nikatoa gia, nikaliacha liserereke lenyewe, na usukani ukaendelea kukataa mpaka mwendo uliposhuka.

"Si umeona?" Wilibrodi alisema. "Propela."

"Propela inazungusha magurudumu ya nyuma, kaka. Ingekutikisa matako. Hili linanitikisa mikono. Ni gurudumu la mbele."

"Cresensia." Akalitaja jina langu kwa upole. "Nani alikusomesha?"

"Wewe. Ndiyo maana najua."

Tuliporudi nilitoa jeki. Nikainua upande wa kushoto, nikalala chali vumbini na gauni langu, huku Olais akiwaambia majirani kwamba ameona mengi hotelini anakofanya kazi lakini hili bado. Nikapitisha mkono nyuma ya rimu. Kulikuwa na donge limegandamana kwa ndani, upande mmoja tu, kubwa kama mkate, uzito wa kutosha kulitikisa gurudumu. Nikachokonoa. Juu lilikuwa kavu. Ndani lilikuwa bichi bado, na hatukuwa tumeona mvua tangu Mei. Kidole changu kikatoka na kipande cha bua la ngano.

Hapo nilijua, na hapo palikuwa na njia mbili. Ningeweza kuinuka, nikamnong'oneza kaka yangu: toa mitamba yako mitano, nami nitalisafisha gari hili kimya kimya. Angetoa. Hyasinta angepanda gari jekundu hadi kanisani na hakuna ambaye angejua lolote. Nililala pale chini ya gari na kuifikiria njia hiyo vizuri. Kisha nikatoka, nikajifuta mkono.

"Nimeuona ugonjwa," nikasema. "Kaka, inama."

"Niiname nini? Wewe ndiye fundi."

"Gari unanunua wewe. Inama, ingiza mkono nyuma ya hilo gurudumu, utuonyeshe kilichopo."

"Nimevaa nguo nyeupe."

"Tumeiona."

Alimtazama Mzee Valeriani. Mzee Valeriani akasema, "Inama basi, mwanangu, tuone." Wilibrodi akapiga magoti vumbini. Alipapasa muda mrefu kama mtu asiyejua anachotafuta, ndipo donge likabanduka lote kwa pamoja, likamwangukia kiganjani.

"Tope la barabarani," alisema haraka. "Kumbe ni tope tu!"

Naserian aliinuka. Akalichukua donge mkononi mwake, akalivunja kidogo, akalinusa. Kwa Wamaasai anayekandika nyumba ni mwanamke, na alikuwa amekandika zake tangu usichana.

"Hii si barabara," alisema. "Ina mavi ya ng'ombe. Ina majani. Hii ni nyumba."

Nyuma yetu, ukuta wa jiko la nyumba mpya ulikuwa umekandikwa nusu, na lundo la udongo ambao mama yetu aliukanda kwa miguu yake siku mbili zilizopita lilikuwa pale pale, limefunikwa magunia.

Wangeelewa wenyewe. Ningewaachia dakika moja wangeelewa. Sikuwaachia.

"Ni jiko lako, Hyasinta," nikasema. "Mchumba wako amelibandika kwenye gurudumu ili mjane apoteze mitamba mitatu. Na kama mnadhani nasingizia, tazameni, limekandamizwa kwa mkono. Kaka, weka vidole vyako."

"Cresensia, inatosha," alisema kwa sauti ndogo.

"Weka."

Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda. Nira ilikivunja alipokuwa mdogo. Nikalichukua donge kwa Naserian, nikaushika ule mkono mwenyewe, nikaulaza juu ya alama za vidole. Vidole vinne viliingia kama mguu kwenye kiatu chake, na kile kilichopinda kikaingia kwenye tundu lake lililopinda. Alikuwa bado amepiga magoti. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na hapo neno hilo lilikuwa sahihi.

Hyasinta alitazama ukuta, akatazama donge, akaanza kulia bila kujifunika uso. Baba yake akamshika bega wakaondoka kwa miguu. Posa ilirudishwa kabla ya wiki kwisha.

"Mitamba mitano," Olais alisema. Mbele ya majirani wote wale Wilibrodi hakuwa na pa kutokea. Akaitoa zizini yeye mwenyewe, na magoti ya suti yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Naserian aliipapasa migongo mmoja mmoja, kisha akaiswaga kuelekea Ngorongoro bila kugeuka.

Kwa hiyo gari ni la Wilibrodi. Huliendesha Karatu siku za gulio, peke yake. Linapita kama maziwa, na kiti cha pili hakina mtu.

Mama hasemi nami ila kwa jambo hili. Anasema mjane angepata mitamba yake hata kama ningenong'ona. Ni kweli. Anasema habari ya vidole haikuwa na haja. Ni kweli. Anasema Hyasinta hajanikosea chochote, na sasa anapita njia ya mbali asikutane nami. Kweli vilevile. Anasema nenda, piga magoti, yeye ndiye aliyekusomesha, muombe radhi hata kwa neno moja.

Siombi.