Kipa Hapigwi Mgongoni

Pale Sainte-Rolande, Quebec, mji wa hoki ya barafuni, mtu mwenye jicho lililovimba haulizwi amepatwa na nini. Huulizwa alifunga mabao mangapi. Ndiyo maana Fernand alipigwa mwaka mzima mji ukicheka.

Fernand alikuwa mtu wa makamo mwenye akili ya mtoto mdogo. Tangu dada yake afariki, aliishi na shemeji yake, Réjean, kocha wa hoki ya barafuni, aliyekuwa akimsimamisha golini vijana wajifunze kulenga. "Kipa bila alama si kipa!" Réjean alizoea kusema.

Alasiri hiyo Maryse, dereva wa mashine ya kulainisha barafu uwanjani, alimkuta Fernand kwenye chumba cha mashine akihangaika na shati. Mgongo wake wote ulikuwa mistari minene ya zambarau, mingine ikivuja damu.

Maryse alikuwa kipa ujanani. Kipa huumia kifuani, mapajani, shingoni. Mgongo wake hutazama wavu.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nilimwaga maziwa."

"Sikuulizi maziwa, Fernand. Nani?"

"Shemeji akijua nimesema ataanza tena."

Maryse akapiga komeo, akawapigia polisi. "Kuna mtu asiyeweza kujitetea, anapigwa na anayemlea. Nimeona kwa macho yangu. Kesho? Kesho gani, na usiku huu analala nyumba hiyo hiyo? Njooni sasa!"

Kitasa kikatikisika, Réjean akaita. "Fernand! Supu inapoa, twende."

"Haendi," Maryse alisema.

"Utamlea wewe, usiyejua hata kuchemsha yai?"

"Polisi wako njiani, Réjean."

Gongo la hoki likaushukia mlango. Kioo cha mlango kikapasuka, mkono ukapenya, komeo likafunguka. Réjean hakumtazama Maryse. Alimwendea Fernand, aliyekuwa amejikunja chini ya meza ameziba masikio. Maryse akajitupa katikati. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, akausikia mfupa ukilia. La pili lilimpasua sikio. Akaangukia mbele ya Fernand, akamng'ang'ania, gongo likaendelea kushuka.

"Kocha! Utaua!"

Wachezaji walikuwa wamejaa mlangoni. Wawili wakamrukia Réjean, wakamlaza sakafuni, naye akawatukania mama zao hadi polisi walipoingia.

Nahodha akamwinamia Maryse. "Fainali ni Jumamosi, mama. Si ungengoja kidogo?"

Maryse akatema damu karibu na viatu vyake. "Lala wewe kwake mpaka Jumamosi."

Polisi mmoja akachuchumaa mbele ya meza. "Kaka, nani amekuumiza?"

Fernand akamgeukia Maryse. "Leo silali kwake?"

"Hulali."

"Na kesho?"

"Hata kesho. Sema, ndugu yangu."

Fernand akachungulia. Akaiangalia mikono ya shemeji yake, akaziangalia pingu, akangoja mpaka Réjean alipozivuta kwa hasira zikagoma kufunguka. Ndipo akaanza kusema.