Kengele ya Mama Mkwe

Leland Tohonnie alikuwa ameishi na mke wake miaka kumi na sita bila kumwona mama mkwe wake usoni, na ndoa ilikuwa na afya nzuri. Kwa Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, wale wanaoshika mambo ya zamani, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakitazamana, macho hupofuka au akili huruka, inategemea umemuuliza nani. Ndiyo maana Bi Nanabah alivaa kengele ndogo ya bati sikioni. Leland akiisikia inakuja, alishusha kofia na kukumbuka kazi fulani zizini.

Sasa kengele hiyo ilikuwa inalia wodini, na Leland ndiye aliyekuwa mkalimani pekee hospitali nzima. Mwenzake alikuwa ameomba ruhusa akakate kondoo manyoya. Leland alisimama mbele ya pazia la kitanda kama farasi aliyeona nyoka, akasema atatafsiri akiwa hapohapo nje.

Kidole gumba cha mguu wa Bi Nanabah kilikuwa kimekuwa cheusi. Sukari ilikuwa imekila taratibu huku yeye akikipaka mafuta ya kondoo na kunywa soda. Daktari Kessler, kijana aliyetoka Ohio na viatu vyake bado vipya, alisema kidole kikatwe kabla ya kesho jioni. Vinginevyo utakatwa mguu, na baada ya mguu hakuna kingine cha kukata. Hadi hapo Leland alitafsiri bila shida.

"Sasa mwambie anaweza kufa mezani," daktari akasema. "Sheria inataka ajue."

Leland alijikuna shingo. Huku neno lina miguu. Ukimwambia mtu usoni kwamba atakufa, umekwenda kukiita kifo na kukionyesha njia. Na aseme mkwe? Mama akifa, ukoo mzima ungesema Leland ndiye aliyemwua, tena kwa mshahara wa serikali. Lakini asiposema, daktari hakati, na sumu inapanda.

"Mama," akaliambia pazia, "daktari anasema kulikuwa na mtu mmoja, mbali sana huko, labda Texas. Alikatwa kidole. Hakuamka."

Kengele ikalia kidogo.

"Huyo mtu alikuwa na mkwe?"

"Sijui, mama."

"Muulize."

Leland akamuuliza daktari kama yule mtu wa Texas alikuwa na mkwe. Daktari akauliza mtu gani. Ikachukua muda kueleweshana, na daktari aliposhika maana alikasirika, akasema yeye ametaja mgonjwa huyu, kitanda hiki, wala hajawahi kufika Texas. Leland akamjibu kwamba mgonjwa ameelewa vizuri kuliko wote waliomo humu.

Ni kweli alikuwa ameelewa. Alisema huyo wa Texas alikuwa mjinga, alikubali kukatwa bila kuimbiwa nyimbo za uganga. Yeye hakatwi mpaka mganga Ned Chischilly aje.

Habari hiyo ilimfikia mkurugenzi, Bwana Prentiss, akaja mbio na tai yake ya jiwe la feruzi. Alikuwa na mpango wake, Tiba Mbili Mkono Mmoja, na nyuma ya hospitali alikuwa amejenga nyumba ya uganga yenye pembe nane. Ilifunguliwa kwa keki na hotuba, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyekanyaga ndani. Mlango wake ulitazama kaskazini, wanakokwenda wafu. Mlango wa mashariki, kama inavyopaswa, ungekula nafasi ya gari la mkurugenzi. Leland alilisema jambo hilo kabla ya msingi kuchimbwa. Prentiss alimshukuru kwa kumshirikisha utamaduni wake.

Ned alifika alfajiri, mtu mkubwa, akichechemea. Nyonga yake ilikuwa ya chuma, iliwekwa hospitalini hapohapo, na aliilalamikia tangu mlango wa gari mpaka kwenye ile nyumba. Aliizunguka mara moja.

"Nyumba nzuri," akasema. "Wekeni maiti."

Prentiss akataka kujua amesema nini.

"Anasema ni nzuri," Leland akajibu.

Basi Ned akaimba wodini, kando ya kitanda, kwenye dirisha la mashariki. Muuguzi alikivisha glovu kile kidude cha dari kinachopiga kelele kikinusa moshi, mwerezi ukafukizwa, chavua ya mahindi ikatolewa. Prentiss alipoinua simu apige picha, Ned alinyamaza mpaka simu ikarudi mfukoni. Daktari Kessler alisimama mlangoni akitazama saa yake, kisha kidole, kisha saa.

Wimbo ulipokwisha, Bi Nanabah akaomba kalamu atie sahihi.

"Sasa akate. Kidole tu, asije akanogewa. Na mwambieni kwanza anawe mikono."

Chumba cha upasuaji hakipokei chuma. Muuguzi alimvua pete, bangili na kengele, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Mchana Leland aliitwa: mgonjwa ameamka, aje atafsiri. Alisimama nje ya pazia, akatega sikio. Hakuna kengele. Akajua huyu ni mgonjwa mwingine, akavuta pazia.

Kitandani alikaa mwanamke mdogo wa umbo, asiye na meno ya mbele, mwenye macho ya mke wake hasa.

"Kumbe ndiye wewe," akasema Bi Nanabah. "Kwa ile sauti nilidhani mrefu."

Leland alijifunika uso kwa kofia. Mama akavuta shuka.

"Umeniona?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo cha wapi. Mwite Ned."

Daktari, aliyekuja kutangaza kwamba mguu umesalimika, akauliza kama mgonjwa ana maumivu. Leland akasema chini ya kofia kwamba mguu ni mzima, sasa macho ndiyo yanahitaji matibabu, tena ya watu wawili. Daktari akaandika apelekwe kliniki ya macho.

Ned alipatikana chini, kwenye foleni ya nyonga. Alisema atawaombea wote wawili, pazia likiwa katikati, lakini akitoka sasa anapoteza nafasi yake. Leland akakaa koridoni kumngoja, amefumba macho. Prentiss akapita, akampiga picha. Leo picha hiyo ni bango kubwa mlangoni pa ile nyumba, upande wa kaskazini, imeandikwa: Amani ya Moyo.

Bi Nanabah alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili. Jambo la kwanza alilofanya ni kumtuma binti yake dukani akanunue kengele ya mbuzi. Hiyo ni ya Leland.

Anaivaa mkandani mpaka kazini. Prentiss alimuuliza kama nayo ni sehemu ya utamaduni. Leland akamwambia ndiyo, na kwamba ingefaa mkurugenzi naye avae, wagonjwa wamsikie akija.