Benchi Lililoangalia Barabara

Klabu ya huduma kwa jamii ilikutana kila Jumamosi saa tatu asubuhi katika darasa la pili la shule ya msingi. Wanachama walikalia madawati ya watoto, magoti karibu na videvu, na Mwenyekiti aliandika ajenda ubaoni kwa chaki. Mama Cherehani alikaa dawati la nyuma kwa sababu ndilo pekee lililomtosha. Alikuwa ameingia klabu kwa amri ya mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyemwambia, "Mama, ukiendelea kujifungia ndani na hiyo cherehani, mtakuja kufanana." Basi akaingia. Alipewa kazi ya kushona utepe wa kukatwa siku za uzinduzi. Kwa miezi minane alisaini daftari la mahudhurio bila kujua hasa anahudhuria nini.

Mradi wa mwezi huo ulikuwa benchi la wagonjwa wa zahanati. Lilikuwa benchi la mbao ngumu, la kukaa watu watano, limepakwa rangi ya manjano kutoka duka la Mwenyekiti, na jina la klabu limeandikwa kwenye egemeo. Wakaliweka uani, mbele ya dirisha la kutolea namba za wagonjwa. Mpiga picha akasema jua linamchoma na bango la klabu haliingii lote, kwa hiyo wakaligeuza likaangalia barabara na kulipa dirisha mgongo. Utepe ukakatwa. Wanachama wakapiga makofi, wakavua vizibao vyao vya manjano vya klabu, wakaanza kuondoka.

"Mbona tunaliacha limeangalia barabara?" Mama Cherehani akauliza. "Mgonjwa atajuaje kama anaitwa?"

"Picha imeshapigwa, mama," Mwenyekiti akasema. "Na mradi ukishapigwa picha haufunguliwi tena. Ni katiba."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa ibara ya nne.

Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Cherehani alisikia hodi. Alipofungua mlango alikuta benchi limesimama mbele ya kizingiti, miguu yake yote minne ina vumbi, na watu watatu wamelikalia. Mmoja alikuwa muuza mkaa mwenye kikohozi. Wa pili alikuwa mzee aliyesinzia. Wa tatu alikuwa fundi wa plasta, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Karibuni," Mama Cherehani akasema. "Mmetokea wapi asubuhi yote hii?"

"Zahanati," muuza mkaa akajibu. "Tulikuwa tunangoja namba. Benchi likaanza kuondoka, tukaona tukishuka tutapoteza foleni."

Mkwe akatoka na birika na vikombe vitatu. Akaliangalia benchi. "Na hili nalo linakunywa?"

"Lilikunywa rangi juzi," Mama Cherehani akasema. "Litatosha."

Fundi akapokea kikombe. "Dada, kitendawili."

"Tega."

"Ana miguu minne na hatembei."

"Benchi."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua huu huu wangu."

Fundi akafikiri kidogo. "Hata mimi sijui," akasema. "Mpaka jana lilikuwa benchi."

Kisha akaeleza habari za mguu. Alikanyaga msumari kwenye jukwaa la kazi, na kidonda kikachimba. Daktari alimwambia kisafishwe kila baada ya siku moja kwa wiki tatu, la sivyo mguu utakatwa juu ya goti. Alikuwa ameshakosa mara mbili. Fundi wa plasta hupanda ngazi kwa miguu miwili. Aliyepanda kwa mmoja bado hajasikika.

Mama Cherehani akajitanda kanga, akawarudisha. Benchi lilitembea kandoni mwake, miguu ya mbele kwanza, ya nyuma ikifuata, kama ng'ombe mwenye mimba. Kwenye matuta, waliokaa waliinua miguu yao kulisaidia. Walipofika, dirisha lilikuwa limefungwa. Zahanati hutoa namba ishirini kwa siku, na ishirini zilikuwa zimekwisha.

Jumanne benchi lilikuja tena, na watu watano. Mama Cherehani akaenda dukani kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti akasikiliza, akasema benchi la zahanati likae zahanati, akatuma mnyororo na kufuli. Wakalifunga kwenye nguzo ya taa. Jumatano lilikuja na mnyororo, kufuli na nguzo, na Fundi akiwa ameipakata nguzo mapajani ili isiburuzike.

"Nguzo ni ya serikali, dada," akasema. "Nisije nikaambiwa nimeiba." Kitambaa cha mguu wake kilikuwa kimelowa, na harufu yake ilimfikia mtu kabla yeye mwenyewe hajafika.

Mama Cherehani hakulala mchana huo kama alivyozoea. Alitia mafuta cherehani yake ndogo ya mkono, akakunja kitambaa, akapanga uzi. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri alikuwa uani mwa zahanati. Alilishika benchi upande mmoja, akaligeuza likaangalia dirisha, akakaa. Benchi likajikaza kidogo chini yake, kisha likatulia. Saa moja halikwenda popote. Saa mbili vilevile.

Ndipo akajua: lilikuwa linamtafuta mtu wa klabu, na akikaa yeye, halina safari.

Kwa kuwa sasa liliangalia dirisha, aliyekaa aliona mambo. Fundi alikuwa wa kwanza kufika siku hiyo, na nesi alipofungua alimpa namba saba.

Mama Cherehani akaacha kushona. "Mwanangu, moja mpaka sita ziko wapi?"

"Zimeshachukuliwa, mama."

"Na nani? Nipo hapa tangu jogoo la kwanza."

"Wewe unaumwa?"

"Sijambo kabisa."

"Basi huna namba," nesi akasema, akaita wa nane.

Fundi akasafishwa mguu. Mama Cherehani akaendelea kukaa, na saa tatu akaziona namba sita zikiingia moja moja kwa mlango wa nyuma, karibu na tangi la maji. Ya nne ilikuwa Mwenyekiti, aliyekuwa na mafua.

"Hongera kwa kujitolea, mama," akasema alipopita.

"Ahsante, mwanangu. Pole na mafua."

Jumamosi, darasa la pili, Mama Cherehani alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu aingie klabu. Aliomba mradi wa benchi ufunguliwe tena, wanachama wakae kwa zamu, na klabu iandike barua namba zianzie moja.

"Mradi ule umekamilika," Mwenyekiti akasema.

"Mradi uliokamilika haunifuati nyumbani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akapangusa pua. "Mama, sisi ni klabu ya huduma, siyo ya ugomvi. Hilo la namba tuliache lilivyo."

Wakapiga kura. Waliokataa walikuwa kumi na mmoja. Mwanachama mmoja, Dereva Mstaafu, alionekana ameinua mkono upande wa mama, lakini katibu akaandika kwamba alikuwa anajikuna.

"Sawa," Mama Cherehani akasema. "Mimi sina barua. Nina makalio, na Jumatatu nitakwenda kuyakalisha."

Akaenda. Saa kumi na moja na nusu Dereva Mstaafu alikuja akakaa upande wa pili wa benchi. "Sikuwa najikuna," akasema. Baada ya wiki moja akaongezeka mwalimu wa darasa la pili, aliyekuwa amekataa, kisha mwanamke mwingine aliyekuwa amekataa kwa sauti kubwa kuliko wote. Waligawana siku. Mama Cherehani alibaki na siku za Fundi. Alijifunza nani anaumwa nini, nani haoni vizuri asomewe namba yake, nani ana mtoto nyumbani peke yake na apishwe mbele. Alitengeneza zipu na vifungo vya foleni nzima. Mkwe alipomuuliza atarudi saa ngapi, alijibu, "Wakiisha," na mkwe akaanza kumfungashia chakula.

Siku moja tu mwenye zamu alilala akapitiliza. Benchi liliondoka na watu wanne mpaka mlangoni kwake, likasimama hapo, likagonga, mpaka akavaa viatu.

Fundi alikatwa vidole viwili. Mguu ukabaki.

Mwezi wa tatu wa zamu hizo, Mama Cherehani alifika alfajiri akamkuta Fundi ameshakaa kwenye benchi, kiatu kimekazwa kamba, na begani ametundika kizibao cha manjano ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Leo siyo siku yako ya kusafishwa, Fundi," akasema.

"Nimeshapona, dada. Nimekuja kukaa." Akasogea. "Nenda kalale."

Mama Cherehani hakwenda kulala. Aliketi kando yake akatoa sindano, na benchi likainama kidogo upande wa muuza mkaa aliyekuwa anafika, ili apande bila kujinyoosha. Dirisha likafunguliwa.

"Namba saba," nesi akaita.

Muuza mkaa akainuka.