Kilio cha Muhula wa Pili

Fundi wa mavazi alikuwa na pini mdomoni, anapinda sketi ya mazoezi, pale babake alipopita dirishani na vumbi la chokaa mabegani, kama siku ile aliyoanguka kutoka kwenye ghorofa alilokuwa akilijenga. Nyuma yake alifuata mjomba, kisha mama, aliyembeba mgongoni mtoto mchanga ambaye hakuwahi kutembea. Wakaingia ukumbini kwa mlango wa pembeni. Fundi akatazama saa ya ukutani, akaona leo mazoezi yameanza mapema, akaendelea kushona.

Chumba cha mavazi cha chuo kikuu cha sanaa za maonyesho kilipakana na ukumbi wa mazoezi, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kama kadibodi, kwa hiyo kila alasiri fundi aliusikia wimbo mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa kilio cha mamake. Mama alipokuwa hai, Mwalimu wa Sauti alimfuata nyumbani na kinasa sauti, akamwomba amwimbie. Kilio hicho kina sharti moja tu: anayeongoza huwaita wafu wake mwenyewe kwa majina, wenzake huitikia, na walioitwa huja wakakaa kidogo na wafiwa, kisha wakarudi walikotoka. Mama alimwita mumewe, kaka yake na kitinda mimba wake. Mwalimu akanasa yote, akawafundisha wanafunzi neno kwa neno, majina yakiwemo. Mama alipofariki, Mwalimu akaongeza ubeti wa kumuenzi, akalitia na jina lake.

Tangu hapo hawakupata kulala.

Waliwekewa benchi nyuma ya ukumbi. Wanafunzi waliwaamkia wakipita, maana walikuwa watoto wenye adabu, na mfagizi alikwishazoea kuwaambia wainue miguu.

Siku hiyo fundi aliwapelekea maji, ingawa hawanywi.

"Mwanangu," baba akasema, "hivi hawa watu hawana wafu wao?"

"Wanao, baba."

"Basi si wawaite? Jana tumeitwa kwenye msiba wa watu hata hatuwajui. Nimekaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba."

"Ndiyo kazi ya chuo, shemeji," mjomba akasema. "Kila anayehitimu anarudi kwao na wimbo. Mashuleni wanauimba, redioni wanauimba. Jimbo zima linatuita sisi."

"Wewe huoni tabu. Redioni ulikwenda mbio."

"Redioni kuna viti vizuri."

Mama alikuwa anambembeleza mtoto. Mtoto kila alipoanza kufumba macho, kwaya ilimtaja tena, naye akashtuka akakodoa macho, bila kulia. Hilo ndilo fundi alishindwa kulivumilia. Alitaka mdogo wake alale, basi.

Fundi si mtu wa maneno. Mbele ya walimu ulimi humwia mzito. Hata hivyo alikwenda ofisini, akasimama mlangoni, utepe wa kupimia umening'inia shingoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Sketi tayari?"

"Bado kidogo. Naomba... kile kilio. Kila mwanafunzi aite wa kwao."

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Mazikoni kwa mama alilia machozi ya kweli. Akamvutia fundi kiti.

"Nakuelewa sana. Lakini tukianza kubadili majina, hakitakuwa tena kilio cha mama yako. Kitapotea. Huu ni urithi wetu sote, fundi. Watu wanatoka mbali kuja kuusikia."

"Lakini wanachoka."

Mwalimu akachungulia ukumbini. "Mimi naona wamekaa vizuri tu," akasema.

Fundi alipopeleka majibu, baba alitikisa kichwa, chokaa ikadondoka sakafuni. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," akasema.

Kesho yake alikuja Zumari, binti anayeongoza kwaya, kujaribu sketi.

"Nimesikia ulichoomba, dada," akasema huku fundi akimpima kiuno. "Bibi yangu alifariki likizo iliyopita. Nyumbani wakaniambia, wewe msomi wa nyimbo, tuongoze."

"Ukamwita?"

"Nilifungua kinywa, yakatoka majina ya kwenu. Baba yako akaja, akatupa pole, mzee wa watu. Bibi hakuja."

"Mwite hapa. Hapa hakuna mtihani."

Zumari akavuta pumzi. Fundi akaona midomo yake inalitafuta jina la bibi, inalikaribia kabisa. Kisha sauti ikatoka, nzuri kama siku zote, na ilikuwa inamwita yule mtoto mchanga. Mlango ukafunguka. Mama akaingia naye mgongoni, mtoto macho yamemtoka.

"Samahani, mama," Zumari akasema.

Mama akamshika bega kumwonyesha hakuna neno.

"Simama wima," fundi akasema, "nisije nikakuchoma."

Mwisho wa muhula kundi la chuo lilialikwa kuimba katika miji ya jirani. Mwalimu mwenyewe alileta jora la kitambaa, sawa na la kwaya. Alieleza kwamba watazamaji wamelalamika: kuna watu wanakaa nyuma ya jukwaa wamevaa sanda na nguo za kazi, haipendezi. Washonewe na wao.

Wakaja kupimwa. Mjomba alitaka mifuko. Baba aliinua mikono kama mtoto, na fundi akamzungushia utepe kifuani. Hakuwa amemgusa tangu utotoni. Mabega ya mama yalikuwa yamepungua. Mtoto alipimwa akiwa mgongoni, na katikati ya kumpima wakamwita tena.

Fundi akaketi kwenye cherehani, akapitisha uzi.

"Mshono piga mara mbili," mama akasema. Alikuwa hajasema kitu tangu afe.

Upande wa pili wa ukuta Mwalimu alikuwa na wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza. Aliyatamka majina taratibu, moja moja, nao wakayarudia kwa sauti ndogondogo mpaka yakawakaa.

Fundi akapiga mara mbili.