Mtoto Mmoja wa Darasa la Tatu

Barua ya shule nilikuwa naiandika mimi. Kila mwezi karatasi moja: mbele habari za watoto na kalenda, nyuma orodha ya chakula cha mchana cha kila siku. Katika shule za kwetu kazi hiyo humwangukia mwalimu mkuu msaidizi, na mimi, Kuramochi Shizue, nimeifanya miaka tisa bila kuipenda hata siku moja. Ukiandika kwamba masomo ya kuogelea yamekwenda vizuri, mzazi anauliza mbona mwanawe hakutajwa. Ukimtaja, anauliza kulikuwa na haja gani ya kusema kwamba alikunywa maji ya bwawa. Halafu mkuu wa shule anaisoma mara tatu, anahamisha koma moja, ndipo anagonga muhuri.

Shule nzima tulikuwa na watoto ishirini na watatu. Vijana wamehamia mijini, tumebaki na wazee, na wazee wetu wanataka kujua shule inaendeleaje kwa kuwa walisoma humo humo. Kwa hiyo kila mtaa tuliupa nakala moja. Ilibanwa kwenye ubao wa mtaa, mdogo wa kubeba mkononi, pamoja na ratiba ya takataka na matangazo ya zimamoto, na ubao ukatembea nyumba hadi nyumba. Ukimaliza kusoma unampelekea jirani.

Mwezi wa nne, siku ya pili ya mwaka mpya wa masomo, mwanamume mmoja alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi.

"Naitwa Sakuma," alisema. "Mimi ni baba yake Ogata Suzuna, wa darasa la tatu."

Habari zake nilikuwa nazo. Mama wa mtoto, Ogata Wakako, alikuja kumwandikisha mwezi mmoja kabla, akatuachia maandishi: talaka imekwisha, mtoto ni wake, baba asipewe habari yoyote. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mkiachana, mtoto anabaki na mzazi mmoja, na yule mwingine hana lake tena.

"Sikuja kumwona," akasema. "Naomba ile barua ya kila mwezi tu. Hata ikiwa ya mwezi uliopita."

"Barua ni ya wazazi."

"Na mimi ni nani, mwalimu?"

"Kwenye faili letu, bwana, wewe humo."

Nilimjibu hivyo hivyo, kavu, ndivyo nilivyoumbwa. Akainama, akaniomba radhi kwa kunipotezea muda, akaenda zake. Nikashukuru kwamba si mtu wa kelele.

Mwezi wa sita akaja Bi Nishiwaki, kiongozi wa mtaa wa relini, kuchukua nakala yake kama kawaida. Ni mama wa miaka sabini na kitu, na mdomo wake hauna likizo.

"Mwalimu, ubao wangu siku hizi unalala njiani."

"Unalala kwa nani?"

"Kwa mpangaji mpya, yule fundi bomba, Sakuma. Siku mbili nzima! Mwezi uliopita nilikwenda kumpa vidonge vyake, nikamkuta mezani ananakili barua yenu kwa mkono. Yote, na orodha ya chakula juu yake."

"Orodha ya chakula ya nini?"

"Ndilo nililomuuliza. Kumbe anapika. Siku watoto wakila samaki wa miso, na yeye samaki wa miso. Wakila kari, kari. Akiwa kazini anabeba kwenye kopo lake, ikifika saa sita na robo anaweka chini spana anakula. Nikamwambia, wewe baba una ugonjwa gani? Akaniambia, binti yangu anakula hiki sasa hivi." Bi Nishiwaki akakunja nakala yake polepole. "Nilikwenda kugomba, nikarudi nimenyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Sikwenda. Nilijiambia kwamba ubao wa mtaa ni wa mtaa, na mkaazi hawezi kunyimwa. Kichwani nilikuwa nikimwona yule mtu na kijiko chake, anatazama saa, na mimi ndiye niliyemwambia hayumo. Iliniuma, na mimi si mtu wa kuumwa ovyo.

Basi nikaanza kumwandikia.

Jina sikuandika hata mara moja. Barua ya mwezi wa saba ilisema: mtoto mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa akiogopa maji sasa anazamisha uso mpaka hesabu ya kumi. Darasa la tatu lilikuwa na watoto wanne, na mwoga wa maji alikuwa mmoja. Mwezi wa tisa, baada ya likizo: mtoto mmoja wa darasa la tatu amelea kiwavi wa hariri, na kiwavi alipojifunga uzi mtoto akakataa kwenda nyumbani. Mwezi wa kumi, baada ya michezo: alianguka, akainuka, akamaliza wa mwisho, akawainamia watazamaji kama aliyeshinda. Mwezi wa kumi na moja: aling'oka jino akitafuna mkate, akalifunga kwenye karatasi, akalichungulia kutwa nzima. Nilikuwa namtafuta Suzuna uwanjani kila siku ili nipate la kuandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa kazi ile ilikuwa tamu. Nilijiona mjanja. Mjanja gani?

Anayeandika barua ya shule anajua jambo moja kuliko yote: wazazi wanahesabu. Wanajua mtoto wa nani kaonekana mara ngapi tangu mwezi wa nne. Ndiyo maana nilikuwa na daftari la kuweka alama, ili kila mtoto apate zamu yake. Mwaka ule niliacha kutia alama, maana nilijua zingenisuta.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, wazazi walipokuja kuzungumza na walimu, Ogata Wakako aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akazipanga barua nne mezani. Zilikuwa zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Akina mama wenzangu wananitania," alisema. "Wananiambia, mama nyota huyo, tupishe. Nikasema watu na wivu wao. Jana nimezitafuta, nimezisoma pamoja. Mara nne, mwalimu. Unamwandikia nani?"

Ningeweza kudanganya. Alikuwa akinitazama usoni, nikashindwa.

"Baba yake amepanga mtaa wa relini," nikasema. "Anazisoma kwenye ubao."

Akavuta kiti, akakaa.

"Hakuwahi kunipiga," akasema. "Watu wote huanza kuuliza hilo, nikisema hapana wananiona mkorofi. Alikuwa ananifuata. Kazini, dukani, kwa mama yangu. Anasimama ng'ambo ya barabara, mpole, hasemi kitu. Miaka miwili. Unajua kuangaliwa kutwa kukoje? Nilipohamia hapa ndipo nilipopata usingizi. Kumbe wewe unamkaribisha."

Nilitaka kumwambia kwamba anapika tu, kwamba anakula tu saa sita na robo. Nilipoyasikia maneno hayo kichwani mwangu niliyaonea haya. Nikainama mpaka kipaji kikagusa meza, nikaomba radhi. Akakusanya barua zake.

"Wewe umeandika kwa huruma, naona," alisema mlangoni. "Lakini mwenye kuhama ni mimi, mara ya pili sasa."

Makaratasi ya uhamisho niliyatayarisha mwenyewe. Anwani ya shule mpya niliiandika kwenye bahasha kwa mkono wangu, nikaifunga, nikaituma. Ni mkoa mwingine, mbali, na mpaka leo naikumbuka herufi kwa herufi.

Siku ya mwisho ya muhula Suzuna alikuja ofisini amejaa mizigo: mkoba mgongoni, mfuko wa viatu vya ndani anavyovaa darasani, kasha la rangi, na picha alizochora zimekunjwa chini ya kwapa. Mama yake alikuwa akimsubiri getini.

"Mwalimu, barua ya mwezi wa kwanza utaandika nimehama?"

"Nitaandika."

"Utaandika ninakokwenda?"

"Mahali huwa hatuandiki."

"Andika mara moja tu. Kidogo, nyuma, chini ya orodha ya chakula. Baba anasoma kule."

"Nani kakwambia?"

"Nilimwona dirishani na barua yako mkononi, siku ile tuliyokwenda matembezi mtaa wa relini. Siku tuliyorudi kula saa sita. Nilimpungia mkono hivi, kidogo, mwalimu wetu asione. Naye akapunga. Mama sijamwambia, angeogopa." Akapandisha kasha la rangi lililokuwa likimteleza. "Nikiwa huko atajuaje?"

Miaka minane, na alikuwa amebeba siri ya watu wazima wawili miezi mizima bila kuidondosha. Nilimwambia mama anasubiri, akavae viatu. Hilo ndilo jibu nililompa. Aliinama vizuri kama tulivyomfundisha, akatoka.

Barua ya mwezi wa kwanza niliiandika siku tatu. Usiku wa kwanza niliiandika bila kumtaja, nikafikiria hata kumwendeleza: mtoto mmoja wa darasa la tatu anateleza kwenye theluji, mtoto mmoja wa darasa la tatu amejifunza kugawanya. Nani angejua? Asubuhi nikaichana. Nikaandika: mwishoni mwa mwaka mtoto mmoja wa darasa la tatu alituaga akahamia shule nyingine, tunamtakia afya. Mkuu wa shule akaisoma mara moja, akagonga muhuri, hakugusa koma yoyote.

Sikutaka Sakuma aisome kwenye ubao. Jumapili nikampelekea mwenyewe. Alinikaribisha ndani, akanipa mto nikakaa, akaisoma karatasi amepiga magoti, mikono juu ya mapaja. Alipofika kwenye mstari ule aliurudia kwa kidole.

"Ameenda wapi?"

"Siwezi kusema."

"Najua huwezi." Akaiweka karatasi chini. "Ni kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yetu. Mimi niliandika kupita kiasi, mama yake akatambua." Nikamweleza yote aliyoyasema Wakako, nikayataja kama yalivyo: kusimama ng'ambo ya barabara, miaka miwili, usingizi. Hakubisha hata neno moja. Machozi yalimtoka, akaacha yatoke.

"Nilidhani nikikaa kimya simsumbui mtu," akasema.

Chai aliyonimiminia ilikuwa imepoa. Nilikuwa najiandaa kuaga.

"Mwalimu, siku ya mwisho hakusema kitu? Juu yangu?"

Maneno ya mtoto niliyakumbuka yote. Nilijua nikimwambia kwamba mtoto aliomba baba yake aandikiwe, kesho yake mtu huyu angefunga mizigo na kuanza kutafuta, mkoa kwa mkoa, kwa upole wake ule ule, na mama yule angehama mara ya tatu, na mtoto angefunga tena viatu vyake vya ndani mfukoni. Nilijua pia kwamba Suzuna aliniamini mimi, si mwingine.

"Hapana," nikasema. "Aliaga kama watoto wote."

Akaitikia kwa kichwa.

"Kuna siku watoto walipita hapa nje," akasema, "nikadhani amenipungia mkono. Pengine alikuwa anampungia mwenzake."

Nikasema pengine. Kisha nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikaenda kwa Bi Nishiwaki kumpelekea nakala ya mtaa.